Mlango wa Mama Alimasi

Wanangu mnaoajiriwa sasa katika ofisi za kupangisha nyumba, nasikia mkataba wa mpangaji ukikaribia kuisha mnamtumia ujumbe kwenye simu, naye anabonyeza palipoandikwa ndiyo, basi, kazi imekwisha. Hongereni. Mimi nina sugu kwenye vifundo vya vidole vya mkono wa kulia, na siyo za kulima. Ni za kubisha milango ya Vickery Meadow, mjini Dallas, miaka ishirini na miwili, kuwauliza watu kama wanabaki au wanaondoka.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Joyce, mzaliwa wa Singida, mstaafu. Siku hizi nakaa Pearland kwa huyo huyo Joyce, ambaye ni nesi katika hospitali za mjini Houston, na nyumba yake ina kengele yenye kamera. Mgeni akija, simu ya Joyce inalia akiwa wodini, naye anaongea na mgeni kutoka huko huko. Mimi niko sebuleni, hatua kumi kutoka mlangoni, sina kazi. Natamani hodi kama mtu anavyotamani chakula cha kwao. Mtanicheka, chekeni tu, na nyinyi mtastaafu.

Majengo yetu yalikuwa kumi na mawili, ya ghorofa mbili, yenye ngazi za chuma kwa nje ambazo mwezi wa nane huwezi kushika reli yake kwa mkono mtupu. Ndani walijaa Wakongo, Waburma, Wanepali, Wasomali, na wanafunzi wa Kenya waliopenda kuwa karibu na treni. Ofisi iliniajiri kwa ajili ya Kiswahili changu, siyo kwa ujuzi, maana ujuzi sikuwa nao. Mkataba wa fleti ni wa mwaka mmoja. Siku sitini kabla haujaisha, ofisi inamwandikia mpangaji barua kumuuliza kama anaongeza mwaka mwingine. Asipotia sahihi kabla ya tarehe iliyotajwa, fleti inahesabiwa iko wazi na kuahidiwa mtu mwingine. Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua hiyo kwa mkono, kuisoma kwa lugha anayoielewa mwenyewe, na kurudi na sahihi.

Mwanzoni nilikosea sana. Nilikuwa nawatumia watoto kutafsiri pale Kiswahili kisipofika, nikiona ndiyo ujanja. Siku moja baba mmoja Mnepali aliongea kwa dakika nzima, uso umekunjamana, akionyesha dari ya bafuni. Binti yake wa miaka tisa akanigeukia na kusema, "My dad says we'll stay if you fix the swimming pool." Nikaandika hivyo hivyo kwenye fomu. Wiki ya pili dari ya bafuni ikaanguka, na bwawa la kuogelea hakuna aliyeligusa. Tangu siku hiyo sikumtumia mtoto tena katika maneno ya mkataba, hata awe hodari namna gani.

Aliyenifundisha kazi ni meneja wetu, Bi Loretta, mama wa Kitexas mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinifundisha kuisoma tarehe ya mwisho kabla ya kusoma jina, kwa sababu jina linaweza kusubiri. Alinifundisha kuuliza habari ya jiko na maji kabla sijauliza habari ya kubaki, maana mtu ambaye sinki lake limeziba hawezi kukupa jibu la kweli. Na alinifundisha kanuni moja ambayo mimi, kichwa ngumu, sikuifuata. Tulikuwa na daftari la milango. Barua ikishapokelewa, unatia tiki mbele ya namba ya fleti. Bi Loretta alisema kwanza mlango, kalamu baadaye.

Mimi nikawa natia tiki zote asubuhi, ofisini, nikinywa kahawa. Niliona naokoa muda. Nilijua nitapanda ngazi zile, nitatokwa jasho, nitakaribishwa chai, na nikirudi nitakuwa nimesahau nani nilimpa na nani sikumpa. Na chai nilikuwa nakunywa kweli. Sikuweza kumwachia mtu barua mlangoni kama anayetupa gazeti. Niliingia, nikakaa, nikala. Bi Loretta alilalamika kwamba natoka na barua tatu narudi baada ya chakula cha mchana, nanuka dagaa. Lakini sahihi zangu zilikuwa nyingi kuliko za mtu yeyote pale, kwa hiyo aliniacha.

Sasa niwaambie habari ya Mama Alimasi, maana yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu leo.

Alikuwa mama wa Kikongo, wa upande wa Fizi, na fleti yake ilikuwa jengo la saba, juu, kushoto. Kwenye mkataba alikuwa na majina mengine, lakini sisi sote tulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Huyo Alimasi hakuwa pale. Siku waliyokimbia vita, akiwa kijana wa miaka kumi na sita, alirudi nyuma kumchukua bibi yake, na mashua ikaondoka bila wao. Mama alivuka Ziwa Tanganyika na binti mdogo, akakaa kambini Kigoma miaka mingi, kisha akaletwa Dallas. Mtu mmoja alisema alimwona Alimasi Lubumbashi. Mwingine akasema amevuka kwenda Zambia. Kwa hiyo tuliishi na mama huyu tukilitaja jina la mtoto wake asubuhi na jioni, kwenye ngazi, kwenye chumba cha kufulia, na mwenye jina hakuna aliyejua yuko wapi.

Mwaka wa kwanza nilipompelekea barua, nilimwambia ipo fleti nzuri zaidi chini, asingehitaji kupanda ngazi na magoti yale. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mama Joyce, hii namba ya mulango nimeituma Lubumbashi kwa mikono ya watu," alisema. "Nimeituma Zambia. Nimeiacha kambini kwa muchungaji. Simu zangu zimebadilika mara ngapi? Mulango haujabadilika. Akifika, atafika hapa."

Nikaelewa kwamba kwa huyu, kuongeza mkataba siyo kuongeza mkataba. Kila mwaka alitia sahihi polepole, akiuma ulimi, na kabla ya kutia aliuliza swali lile lile: "Namba ni ileile?" Namwambia ni ileile, mama. Ndipo anaandika.

Halafu ukaja mwaka wa kosa langu.

Asubuhi hiyo nilikuwa na barua kama ishirini, na yake ikiwemo. Nikatia tiki zangu zote kama kawaida. Nilipofika jengo la saba nikaona viatu vimejaa ngazini mpaka chini, na kutoka juu nikasikia wanawake wanaimba kwa Kibembe. Mdogo wake Mama Alimasi, aliyebaki kambini, alikuwa amefariki usiku ule, na habari imeingia alfajiri. Nikarudi kwangu mbio. Nami nilikuwa nakaa pale pale, jengo la tatu. Nikajifunga khanga, nikachukua mkoba wa kanisani badala ya ule wa kazi, nikahamishia humo barua yake peke yake, nikapanda.

Godoro lilikuwa limewekwa chini sebuleni naye amekaa juu yake, kichwa wazi. Nikakaa sakafuni karibu naye. Akanishika mkono hakuuachia. Barua ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba uko mapajani. Niambieni, nani kati yenu angeitoa? Msibani kwetu hukai ukamwambia mtu tia sahihi hapa. Hata mfiwa akikuuliza una shida gani, unasema sina. Nililia naye, nikaosha vyombo, nikachemsha chai ya watu arobaini. Nikaondoka jioni nikijiambia nitarudi akishamaliza siku zake za kilio.

Sikurudi. Siyo kwa ubaya. Wiki iliyofuata mabomba ya jengo la tano yalipasuka na sisi sote tukawa wa kubeba ndoo. Kila nilipofungua daftari, mbele ya fleti yake palikuwa na tiki yangu nzuri ya wino wa buluu, inaniambia kwamba amepokea. Niliiamini tiki yangu mwenyewe. Na kanisani Jumapili mbili zilizofuata nilienda na mkoba mwingine uliofanana na viatu, kwa maringo yangu.

Jumapili ya tatu nikauchukua ule wa msibani. Sadaka ikapita, nikaingiza mkono kutafuta hela, nikatoa barua. Sikuhitaji kuifungua. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita siku sita nyuma. Kwaya ilikuwa inaimba wimbo ninaoupenda, sikusikia hata neno moja.

Jumatatu kabla ofisi haijafunguliwa nilikuwa nimesimama mlangoni namsubiri Bi Loretta. Nikamwekea barua mezani, imekunjika, ina alama ya sukari ya peremende za mkobani. Akavaa miwani. Akaangalia barua, akaangalia daftari, akaniangalia mimi.

"Umetia tiki," alisema.

"Nimetia."

"Kabla ya kwenda."

"Ndiyo."

Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alinieleza kwamba fleti ile ilishaahidiwa mwanafunzi kutoka Kenya, amekwisha kutia sahihi yake, anahamia mwisho wa mwezi ujao, mkataba wa mama ukiisha. Mama anaweza kupewa fleti nyingine, jengo lingine, na ni nzuri tu. Nikamwambia hawezi. Akauliza kwa nini hawezi. Nikamweleza habari ya Alimasi yote, ya mashua, ya Lubumbashi, ya namba iliyotembea kwenye mikono ya watu. Bi Loretta akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi kwa muda mrefu. Kisha akanisogezea daftari na kalamu, akaniamuru niifute tiki ile, niandike pembeni kwamba barua haikufikishwa, na niweke jina langu. Nikaandika.

"Sasa nenda ukamwone huyo msichana," alisema. "Mimi siwezi kumlazimisha. Na usiende mikono mitupu."

Msichana aliitwa Chebet. Alikuwa bado anakaa na binamu yake upande wa Garland, kwenye kochi, na alikuwa anaanza masomo ya unesi. Nilimkuta ameshapanga mabegi. Nikamweleza. Alinisikiliza, lakini mtu akikaa kwenye kochi la watu miezi minne hana huruma nyingi ya kugawa.

"Auntie, I feel for her, kweli," alisema. "Lakini mimi nilichagua hiyo juu kwa sababu ya treni na mwanga. Nina-study usiku nina-sleep mchana, siwezi kaa pahali pa noise. Mkinipatia ile ya nyuma ya laundry, nitafeli."

Ile ya nyuma ya chumba cha kufulia ndiyo pekee iliyokuwa wazi. Alikuwa amesema kweli, mashine za kufulia zilitikisa ukuta. Nikamwambia, njoo uone moja nyingine. Nikampeleka kwangu, jengo la tatu. Nilikuwa nimekaa pale miaka kumi na mmoja. Ilikuwa juu, kimya, na dirisha la chumbani lilitazama mti wa pekani, unaozaa kokwa tamu, na asubuhi kindi walikuja mpaka kwenye chuma cha dirisha kuniomba karanga. Joyce alimalizia shule mle ndani. Alama za urefu wake zilikuwa kwenye fremu ya mlango wa jikoni, nilizopiga kwa penseli kila siku yake ya kuzaliwa.

Chebet akasimama dirishani. "Na wewe utaenda wapi, Auntie?"

"Nyuma ya laundry," nikasema. "Mimi silali mchana."

Msinisifu kwa hilo. Lilikuwa kosa langu, na mtu akivunja chungu cha mwenzake anatoa cha kwake. Lakini nawaambieni ukweli, nalitamani dirisha lile mpaka leo. Nimelala Pearland kwenye chumba kikubwa chenye zulia, na nikiamka nasikiliza kindi kwanza.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Mama Alimasi. Bi Loretta alisema siyo lazima, mkataba umerekebishwa, yeye atie sahihi tu. Nikaona nikinyamaza sitaweza kunywa chai ya yule mama tena. Nikapanda, nikakaa, nikamweleza kila kitu: tiki, mkoba, siku sita, na jinsi namba yake ilivyokuwa karibu kupewa mtu mwingine. Aliinuka akaenda jikoni, nikasikia maji yanatiwa kwenye sufuria, nikajua angalau sijafukuzwa.

Aliporudi alisema, "Siku ile ulikuja kulia na miye. Ungetoa karatasi mbele ya kilio changu, singekufungulia mulango tena. Sasa lete, nitie." Akaichukua kalamu. Halafu akasita. "Namba ni ileile?"

Nikamwambia ni ileile, mama. Tukalia kidogo sote wawili.

Bi Loretta alininyang'anya daftari la milango mwezi mzima, akanipa kazi ya kuhesabu funguo. Aliponirudishia sikutia tiki ya asubuhi tena mpaka nilipostaafu. Nilitembea na kalamu sikioni kama fundi seremala, nikaipiga tiki nikiwa nimesimama mlangoni, mpangaji anaona. Mkitaka kuchukua kitu kimoja kwangu mimi mzee, chukueni hicho.

Nimestaafu mwaka wa pili sasa. Binti yake Mama Alimasi, yule aliyevuka naye ziwa, amekuwa mtu mzima, anakaa Missouri City, huku huku Texas, na mume na watoto, si mbali na mimi. Ana chumba kitupu cha mama yake, chenye bafu lake. Wajukuu wanampigia bibi wanamwambia, "Just come live with us, Grandma," naye anawajibu kwa Kiswahili kwamba atakuja, siyo mwaka huu.

Majuzi Mama Alimasi akanipigia mwenyewe. "Mama Joyce, barua ya lease imekuja kwenye simu. Sina imani na karatasi isiyo karatasi. Njoo unisomee."

Nikapanda basi kwenda Dallas. Joyce alisema ningeweza kumsomea kwa simu hiyo hiyo, na ni kweli, ningeweza. Lakini nilizitaka ngazi zile. Nilipofika nilizipanda kwa vituo, nikishika reli kwa leso, baada ya kupita jengo la tatu kwa makusudi kuangalia mti wa pekani. Upo. Fremu ya mlango wa jikoni sijui kama wameipaka rangi, niliogopa kuuliza.

Mama Alimasi amejaa mvi kichwa kizima. Nilimsomea mkataba kwenye kioo kile kidogo, mstari kwa mstari, miwani yangu inashuka puani. Akauliza swali lake. Nikamjibu jibu langu. Akabonyeza kwa kidole cha shahada, akakiacha pale muda mrefu kuliko inavyohitajika, kama anayekandamiza muhuri. Mwaka mwingine.

Tukawa tunakunywa chai. Mlango ukagongwa mara tatu.

Mama Alimasi aliweka kikombe chini. Alijipangusa mdomo, akaweka sawa kitenge kichwani, akaweka sawa na nguo begani. Miaka yote ile nilipokuwa nabisha mimi alinifungulia hivyo, nadhifu, kitenge kimekaa vizuri, nami nilidhani ndiyo malezi yake. Sikuwahi kuwa upande wa ndani wa mlango ule ukigongwa. Sikujua kwamba kila nilipogonga, kwa miaka ishirini, alisimama kwanza pale katikati ya sebule akijiandaa, na kwamba aliyefunguliwa mlango baadaye nilikuwa mimi tu, na barua yangu.

Ukagongwa tena. Akaenda, akafungua. Alikuwa kijana wa matengenezo, mgeni kazini, ameshika kichujio kipya cha kiyoyozi. Mama Alimasi akaangalia ngazi nyuma yake, mpaka chini. Kisha akamwambia karibu, akarudi kumtafutia kikombe.

Basi ombi langu ni hilo tu. Najua hamgongi sana siku hizi. Lakini siku mtakayopanda jengo la saba, mkafika juu, kushoto, semeni nyinyi ni nani kabla mkono haujagusa mlango.